Nyani si lazima awe kielelezo bora cha sauti yetu

Wengi hudhani kwamba mtafiti akitaka kuelewa nyuzi za sauti za binadamu, atakimbilia sokwe au nyani, kwa kuwa ndio jamaa zetu wa karibu. Undugu huo hausaidii sana hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nyani na sokwe wana utando mwembamba kwenye ukingo wa nyuzi hizo, utando ambao sisi hatuna.

Kinachotafutwa kwa mnyama wa majaribio ni mpangilio wa tishu unaokaribiana na wetu. Na tuseme ukweli, hizo "nyuzi" si nyuzi hata kidogo. Ni mikunjo miwili laini ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni. Kwa mtu mzima, chini ya ngozi nyembamba ya mkunjo kuna tabaka tepetevu kama jeli, kisha lenye elastini nyingi (protini inayovutika), kisha la kolajeni (protini inayoipa tishu uimara), ndipo msuli. Mtoto mchanga bado hana matabaka hayo. Hujitenga taratibu kadiri anavyokua.

Ndiyo maana nguruwe hupendwa maabara: kolajeni na elastini yake imepangwa kwa namna inayokaribiana na yetu. Mbwa ametumika miaka mingi kwa sababu zoloto lake lina ukubwa unaofaa, ingawa tabaka lake la juu ni nene na kano ya sauti, yaani yale matabaka ya elastini na kolajeni kwa pamoja, haionekani wazi. Sungura hutumiwa sana kuchunguza makovu ya mikunjo hiyo. Panya ni mdogo mno kwa vipimo vingi vya mtetemo, lakini kwa maswali ya jeni anafaa kweli.