4,294,967,297: namba iliyomponza Fermat

Juzi mwanafunzi wangu mmoja hapa Jinja alikuja na kikokotoo cha baba yake, kile kipana cha dukani chenye tarakimu 12. "Mwalimu, hii imenishinda." Kwenye kioo: 4,294,967,297. Alikuwa ameigawa kwa 3, 7, 11, akaendelea hadi 97, na kila mara inabakiza. Basi akaamua ni namba tasa.

Sikumcheka. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, naye aliamini hivyo hivyo. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, na ndugu zake watano waliotangulia (3, 5, 17, 257 na 65,537, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja jumlisha 1) ni tasa kweli. Wenzangu wa kompyuta wataitambua: ukitoa 1 unapata idadi ya anwani zote za IPv4, zile namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti.

Nilimwonyesha kwanza njia ya mkato. Ikate tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001, tazama 380 peke yake. Haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Basi na ile kubwa vivyo hivyo. Hesabu moja, tatu zimeondoka.

Ila mbinu hiyo haifiki mbali. Ili uwe na hakika lazima ujaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba hii, ambacho ni 65,536 na chembe, na chini yake kuna namba tasa 6,542. Nani ana vidole vya kuzibonyeza zote?

Umbo la namba ndilo linalookoa. Chukua kigawo chake chochote kilicho tasa, kiite p. Zidisha 2 kwa 2 tena na tena, kila mara ukibakisha tu baki ya kugawa kwa p. Kwenye kipeo cha 32 baki ni p − 1, sawa na −1, hivyo baki ya 1 itarudi kwa mara ya kwanza kwenye kipeo cha 64, si kabla. Na kwa nadharia ya Fermat mwenyewe (hapa ndipo ninapomwonea huruma), mzunguko huo lazima uingie kamili kwenye p − 1. Kwa hiyo p ukikigawa kwa 64 kinabakiza 1.

Namba tasa za namna hiyo ni chache; za kwanza ni 193, 257, 449, 577, 641. Kijana alibonyeza ya tano, kioo kikaandika 6,700,417 bila nukta. Mwanahisabati Mswisi Euler aliifikia 641 mwaka 1732, bila kikokotoo.

"Na hiyo 6,700,417 je?" Sharti ni lile lile, na kipeuo chake hakifiki 2,589. Zilizobaki za kujaribu ni 641 tena, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Alizimaliza amesimama pale pale mlangoni. Zote zilibakiza, basi hiyo ni tasa kweli.