Ukenekaji: Kutenganisha Michanganyiko kwa Joto, na Mipaka Yake

Ukenekaji ni njia ya kutenganisha mchanganyiko kwa kuuchemsha, kuukusanya mvuke wake na kuupoza hadi urudi kuwa kimiminika. Msingi wake ni kwamba kila kimiminika kina kiwango chake cha kuchemka: katika usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na ethanoli, yaani kileo cha pombe, kwenye nyuzi 78 hivi. Maji ya chumvi yakikenekwa, chumvi hubaki chomboni na maji safi hupatikana upande wa pili, yanayofaa kwa betri na kwa kazi za maabara.

Mfano mzuri uko Wawi, kisiwani Pemba, ambako makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Yujenoli, kiini kikuu cha mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 254, joto kali mno kwa kitu chenye harufu nyororo kiasi hicho. Lakini kwa kuwa mafuta na maji havichanganyiki, kanieneo (misukumo) za mvuke wake hujumlishwa, na hivyo vyote viwili hutoka pamoja kabla ya kufikia nyuzi 100. Mvuke ukishapozwa, mafuta ya karafuu hutuama chini, maana, tofauti na mafuta ya kupikia, ni mazito kuliko maji.

Mafuta ghafi ya petroli nayo hukenekwa katika minara mirefu, kama ilivyofanyika Changamwe, Mombasa, hadi 2013: gesi na petroli hutoka juu, mafuta ya taa na dizeli katikati, na lami hubaki chini.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni gongo, pombe kali inayokenekwa kienyeji. Wapo wanaoamini kwamba, kwa kuwa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, huchemka kwenye nyuzi 65, kumwaga matone ya kwanza kunatosha kuiondoa sumu hiyo. Imani hiyo si sahihi. Katika pipa la kawaida mvuke hutoka ukiwa umechanganyika, na methanoli huendelea kutoka tangu mwanzo hadi mwisho. Tena, methanoli iliyotiwa baadaye na muuzaji haitambuliki kwa macho. Mwilini hugeuka asidi ya fomiki, ambayo huharibu mishipa ya macho na huweza kuua. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, kwa hiyo aliyekunywa kinywaji anachokishuku apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anaona vizuri.