Je, wajua kwa nini filamu ya dakika 217 kuhusu bunge la jimbo haina msimulizi?

Mwaka 2007, mwongozaji filamu wa Marekani Frederick Wiseman alitoa filamu ya hali halisi iitwayo State Legislature, inayofuatilia shughuli za bunge la jimbo la Idaho mjini Boise. Haina msimulizi, haina mahojiano wala muziki wa kupachikwa. Kwa nini basi kazi nzito kama ya kutunga sheria ionyeshwe bila maelezo yoyote?

Sababu imo katika bunge lenyewe. Kazi ya bunge ni kusema na kusikiliza, na msimulizi akiyafupisha maneno yale anatunyima kile hasa tulichotaka kukiona. Bunge la Idaho lina maseneta 35 na wawakilishi 70, wanaoanza kukutana Januari kwa miezi michache, kisha wengi wao hurudi kwenye mashamba, biashara na taaluma zao. Muswada haufiki ukumbini kabla ya kupitia kwenye kamati, na mwenyekiti wa kamati ana usemi mkubwa kuhusu iwapo utasikilizwa au utalazwa kwenye droo hadi mkutano wa bunge umalizike. Kwa maoni yangu, anayetaka kulielewa bunge aanzie kwenye kamati, wala si kwenye hotuba za ukumbini.

Kwenye kamati raia husogea kwenye kipaza sauti, hutaja jina lake na anayemwakilisha, ndipo atoe hoja yake. Mjumbe mwenye swali huomba kwanza ruhusa ya mwenyekiti, na jibu nalo hupitia kwa mwenyekiti. Utaratibu huo ni wa polepole, lakini ndio unaowawezesha watu wenye misimamo inayopingana kusikilizana bila kurushiana maneno. Kipande cha sekunde chache hakitakuonyesha hayo. Inabidi uketi na kufuatilia hoja mpaka mwisho ili uone jinsi neno moja la kifungu linavyopingwa, linavyotetewa na pengine kurekebishwa.

Hata hivyo, kukosekana kwa msimulizi hakumaanishi kwamba filamu haina maoni. Wiseman, aliyesomea sheria kabla ya kuingia katika filamu, alizoea kunasa sauti yeye mwenyewe huku akimwelekeza mpiga picha, na ndiye aliyehariri filamu zake. Kwa hiyo kila kikao tunachokiona alikichagua, na msimamo wake unapatikana katika kile alichokiacha kiendelee kwa kirefu na katika mpangilio wa vikao hivyo.