Vali bandia za moyo na kuvuja kwa damu: dhana potofu na ukweli

Mtu akiambiwa kwamba vali bandia iliyowekwa moyoni, yaani mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu, "inavuja", mara nyingi huamini papo hapo kwamba kifaa ni kibovu au kwamba upasuaji ulifanywa vibaya. Dhana hiyo huifananisha vali na bomba la maji, ambalo likidondosha hata tone moja huhesabiwa kuwa limeharibika. Moyo hauna ukali wa namna hiyo. Hata mtu mwenye afya njema, akipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, huweza kuonekana na damu kidogo inayorudi nyuma kupitia vali ya mitrali au ya trikaspidi, zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo, wala hakuna daktari atakayemwita mgonjwa kwa sababu hiyo. Mbunifu wa vali hulazimika kuamua ni wapi damu iruhusiwe kupenya, kwa kiasi gani, na kwa kasi gani.

Dhana ya kwanza, kwamba vali bora ni ile isiyopitisha hata tone, hukanushwa na vali za kimakanika zenyewe. Vali ya St. Jude, iliyowekwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, ina vibawa viwili vya kaboni ngumu vinavyofunguka na kufungika juu ya bawaba ndogo. Vali ya aina hii inapokuwa imefungwa, mililita chache za damu hurudi nyuma katika kila pigo kupitia kingo za vibawa na ndani ya bawaba, wakati moyo wa mtu mzima husukuma takriban mililita 70 kwa pigo moja. Mvujo huo umekusudiwa. Damu ikituama katika kijishimo cha bawaba huganda, na bonge likikua kibawa hukwama. Kwa hiyo njia nyembamba huachwa makusudi ili damu ipite na kuosha mahali hapo. Lakini si kila uoshaji hufaa. Vali ya Medtronic Parallel, iliyojaribiwa kwa wagonjwa barani Ulaya katika miaka ya 1990, iliachwa baada ya damu kuganda kwenye bawaba zake, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba umbo la kijishimo lilikuwa na pembe za ghafla ambamo damu ilizunguka na kutuama. Ni vema kuongeza kwamba uoshaji huo haumwondolei mgonjwa wajibu wa kutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: jaribio la kuibadilisha kwa dabigatrani, dawa mpya ya kazi hiyohiyo, kwa watu wenye vali za kimakanika lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliotumia dawa hiyo mpya walipata mabonge mengi zaidi na pia walitokwa na damu zaidi.

Dhana ya pili huwapotosha hata wasomaji makini: kwamba tatizo la kuvuja limo ndani ya vali, pale vibawa vinapokutana. Katika vali za leo, mvujo unaohofiwa zaidi ni ule unaopita pembeni, kati ya fremu ya vali na nyama ya moyo. Katika upasuaji wa kawaida, vali huzungukwa na pete ya kitambaa ambayo daktari huishona kwenye moyo, lakini uzi peke yake haukamilishi kazi, kwani tishu ya mgonjwa ndiyo inayoota ndani ya kitambaa na kuziba nafasi zilizobaki. Historia ya vali iliyoitwa Silzone inaonyesha uzito wa jambo hili. Pete yake ilipakwa madini ya fedha ili kuzuia maambukizi, wazo ambalo kwenye karatasi lilikuwa zuri kabisa, lakini mwaka 2000 vali hiyo iliondolewa sokoni baada ya utafiti kuonyesha kwamba wagonjwa waliowekewa walipata mvujo wa pembeni mara nyingi zaidi kuliko waliowekewa pete isiyo na fedha. Kilichokusudiwa kuwadhuru bakteria kilidhaniwa kuizuia pia tishu isiote.

Vali zinazopitishwa ndani ya mshipa kwa katheta, yaani mrija mwembamba, zimelifanya suala hili kuwa gumu zaidi. Tangu daktari wa moyo Alain Cribier alipomwekea mgonjwa vali ya aina hii mjini Rouen, Ufaransa, mwezi wa Aprili 2002, vali mpya hutanuliwa ndani ya ile ya zamani bila kushonwa, huku vibawa vya zamani vyenye chokaa vikisukumwa kando. Tundu linaloipokea mara nyingi lina umbo la yai, na mabonge ya chokaa huacha mianya ambayo fremu ya mviringo haiwezi kuijaza. Matokeo ya miaka 2 ya PARTNER, utafiti wa vali hizi za katheta, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalihusisha mvujo wa pembeni, hata ule mdogo, na ongezeko la vifo. Ndiyo maana vali zilizofuata zilivishwa sketi ya nje ya poliesta au ya utando wa moyo wa mnyama, inayojikunja na kuingia katika mianya hiyo.

Hapo huzuka dhana nyingine, kwamba vali kubwa zaidi huziba vizuri zaidi. Ni kweli kwamba vali huchaguliwa ikiwa kubwa kidogo kuliko tundu, lakini ikizidi mno inaweza kupasua ukingo wa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, au kubana njia ya umeme wa moyo iliyo jirani kiasi kwamba mgonjwa atahitaji betri ya moyo. Vipimo sahihi vya picha za CT vimesaidia kupunguza mvujo bila kulazimisha ukubwa.

Wengine hujifariji kwamba mwanya mdogo hauna madhara. Kiasi cha damu kinachopita kinaweza kuwa kidogo kweli, lakini kasi haitegemei upana wa mwanya pekee. Inategemea tofauti ya shinikizo, na kwenye vali ya mitrali kasi hiyo huweza kufikia mita 5 kwa sekunde. Katika mchirizi mwembamba wa namna hiyo chembe nyekundu za damu huraruka, na mgonjwa hupata upungufu wa damu na mkojo wenye rangi nzito hata kama moyo wake haujalemewa. Mwanya wa pembeni unaweza kuzibwa kwa kizibo kinachopelekwa kwa katheta, ingawa kizibo kinachoacha upenyo mdogo wakati mwingine huongeza uharibifu wa chembe hizo.

Mwisho kuna imani kwamba vali iliyothibitishwa maabara kuwa haivuji itabaki hivyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5840 hudai vali za tishu, zilizotengenezwa kwa tishu za wanyama, zipigishwe mapigo milioni 200, sawa na miaka 5 hivi ya moyo, na zile za kimakanika milioni 400. Mashine haiigi jinsi tishu ya ng'ombe au nguruwe inavyoganda chokaa ndani ya mwili, jambo linalotokea haraka zaidi kwa vijana, hadi kibawa kinapochanika. Vilevile, vali ikijaribiwa ndani ya kishikilio cha mviringo kamili, mvujo wa pembeni hauonekani kabisa, na kwa sababu hiyo wahandisi wa vali za katheta huzijaribu pia katika matundu yenye umbo la yai na yenye mabonge ya kuigiza chokaa.