Bahari haina ukuta, lakini pomboo ana kwao

Juzi tena. Nimechutama diko la wavuvi Kizimkazi, kusini mwa Unguja, nakata ngozi ya pomboo aliyenaswa usiku na jarife, ule wavu mkubwa wa kutega. Kipande chenyewe ni kama ukucha wa kidole gumba, nakitia kwenye kichupa cha ethanoli kisioze, nikapime vinasaba maabara. Mzee mmoja akaja, nikamwamkia, akakitazama kichupa, akasema: "Mwanangu, unajisumbua. Hawa wakiisha watakuja wengine. Bahari haina ukuta."

Sikumjibu vibaya, ni mzee wangu. Lakini maneno hayo nimeyasikia kwa watembeza watalii, kwa maofisa waliovaa suti, hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Na siku hizi yamepata shahidi: "Si kuna yule nyangumi wa Kolombia?"

Yupo, sikatai. Ni nyangumi wa nundu, dume. Mkia wake ulipigwa picha upande wa Pasifiki wa Kolombia mwaka 2013 na 2017, na mwaka 2022 mkia ule ule ukaibuka kwenye mkondo wa Zanzibar, zaidi ya kilomita 13,000 kutoka kule. Utafiti ulipotoka Desemba 2024 simu yangu haikupumzika. Nilifurahi kama wengine, ila jamani, imekuwa habari kwa sababu ni kioja! Mbona hamniulizi nyangumi wa nundu wa Oman? Wale hawashuki kusini, wanashinda Bahari ya Arabu mwaka mzima, na vinasaba vyao vinaonyesha walitengana na ndugu zao wa kusini takriban miaka 70,000 iliyopita. Pwani ya Oman wanakadiriwa hawafiki 100. Ukuta haupo, na bado hawachanganyiki.

Turudi kwa pomboo. Waliohesabiwa kusini mwa Unguja kati ya 1999 na 2002, wale wenye pua ya chupa, walikadiriwa kuwa 136 hadi 179. DNA ya mitokondria, yaani vinasaba vya upande wa mama, ya wa kusini ikalinganishwa na ya wa kaskazini, ikatofautiana. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 90 kwa urefu! Pomboo akitaka, ni safari ya siku moja.

Sasa hapa ndipo wanaponikera hata wenzangu wa maabara. Tuseme tusingeona tofauti yoyote. Mtu angeandika upesi: "wamechanganyika, hakuna hofu." Hapana! Hesabu za vinasaba zinahitaji mgeni mmoja tu kwa kizazi, aingie na azae, ili makundi mawili yasiachane sana. Kizazi cha pomboo ni miaka ishirini hivi. Kwa hiyo wageni wachache tu kila miaka ishirini wanaweza kuyafanya makundi mawili yaonekane kwenye kompyuta yangu kama nyumba moja. Haya, tuseme jarife linaondoa wawili kwa mwaka zaidi ya wanaozaliwa. Miaka ishirini, wametoka 40, wameingia wachache tu. Kijiji kikioa bibi harusi mmoja kutoka Pemba kila baada ya miaka ishirini, mwisho wake kila mtu atakuwa na ujomba Pemba. Vijana wa kijiji wakihama wote, ujomba hautajaza nyumba zao. Undugu ni jambo moja, kujaza pengo ni jambo jingine, na mimi nimechoka kuona yakifungwa kifurushi kimoja.

Na yule dume wa Kolombia? Hata angeacha watoto mia, wangezaliwa na majike wale wale waliokuwepo; yeye hakuongeza jike hata mmoja.

Sijidai kwamba upande wangu umenyooka. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake; madume wanaweza kuwa wanazurura kaskazini na kusini bila kipimo hicho kuwaona. Sampuli za dikoni nazo zina yake: mvuvi ataniambia alipotega, lakini pomboo alikotoka kabla ya kunasa hakuna anayejua. Wakati fulani nilipata tofauti nzuri mno kati ya vituo viwili, nikaanza hata kuandika makala. Nilipowaondoa waliokuwa mama na mtoto waliokufa kwenye wavu mmoja, nusu ya tofauti yangu ikayeyuka. Nilikuwa nimehesabu familia moja mara mbili. Tangu hapo nikiona matokeo matamu naanza kwa kuyashuku.



Mzee wangu hakuondoka. Akaniuliza, "Na huyu ni wa hapa?" Nikamwambia sijui bado, labda baada ya miezi.

Akainama, akashika pezi la mgongoni, akapitisha kidole kwenye pengo lililokuwa limepona zamani.

"Huyu namjua," akasema. "Kaskazi iliyopita alikuwa akipita hapa na mtoto."

Nikamwomba arudie taratibu, nikafungua daftari.