Muswada si sheria, na sheria ya zamani bado inauma

Mei 2023 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ya 2006, na kabla ya jua kutua watu walishaanza kusema sheria imebadilika. La hasha. Rais Museveni hakuutia saini, aliurudisha bungeni. Muswada wa kima cha chini cha mshahara uliopitishwa 2019 nao ulikwama kwenye saini hiyo hiyo. Mwajiri anayebadilisha mikataba ya watu wake kwa habari ya redio anajitia hasara bure. Kuna mambo matatu ya kuuliza: Rais ametia saini? Imetoka kwenye Gazeti la Serikali? Inaanza lini? Sheria isipotaja siku yake ya kuanza, huanza siku inapochapishwa.

Linaloniudhi ni kwamba masikio yote yako kwa muswada, huku yale yaliyokwisha kuwa sheria yakipuuzwa.

Chukua madai haya, ambayo hayaishi madukani: "Mimi nina wafanyakazi watatu tu, NSSF hainihusu." NSSF ni mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, na maneno hayo yalikuwa kweli zamani, wakati sheria iliwabana wenye wafanyakazi watano na kuendelea. Marekebisho ya 2022 yaliondoa kikomo hicho. Leo hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kumsajili, kumkata asilimia 5 ya mshahara, kuongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na kupeleka fedha zisizidi tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kutojua si utetezi. Na anayeumia kwanza ni yule binti wa dukani ambaye uzeeni atakuta akaunti yake haina kitu.

Dhana nyingine ni kwamba kibarua hubaki kibarua hata akikaa miaka. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Ikipita hapo ana haki ya mkataba wa maandishi na haki nyingine za mfanyakazi. Hakuna atakayemletea mwajiri barua ya kumkumbusha kwamba miezi imetimia. Ndiyo maana msimamizi wa ujenzi huko Wakiso anahitaji daftari la tarehe za kuanza kazi kuliko anavyohitaji semina.

Wapo pia wanaosema hapana mkataba kwa kuwa hawakuandikiana. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, na mwajiri anadaiwa maelezo ya masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu kazi kuanza.

Tangu Julai 2024, toleo jipya la sheria za Uganda limeipa Sheria ya Ajira jina la Sura ya 226, na vifungu vimepewa namba mpya. Wengine wakadhani haki zimebadilika. Zilizobadilika ni namba, kwa hiyo barua za onyo na mikataba inayotaja vifungu vya zamani irekebishwe.

Na mwenye mgahawa Mbale asiyeweza kumlipa wakili? Sheria yenyewe inasomeka bure kwenye tovuti ya ULII, hazina ya mtandaoni ya sheria za Uganda. Afisa kazi wa wilaya hakuwekwa kwa ajili ya kusuluhisha malalamiko peke yake: kumshauri mwajiri jinsi ya kufuata sheria ni sehemu ya kazi yake. Mwendee na mkataba mmoja mkononi, umwulize kipi kimepitwa na wakati.