Vitabu vya Mapishi vya Vyama vya Wanawake: Dhana Potofu na Ukweli

Anayeanza kuchunguza historia ya vyama vya wanawake akiwa Nakuru au Kisumu hukumbana mapema na dhana kwamba vitabu vya mapishi vilivyouzwa ili kuchangisha fedha ni vijitabu vya jikoni tu, visivyo na la kumfaa mwanahistoria. Ukweli ni kwamba kitabu cha namna hiyo ni hati ya chama chenyewe. Majina yaliyoandikwa chini ya mapishi huonyesha nani alikuwa katika mzunguko wa chama, dibaji hutaja kazi ambayo fedha zilikusudiwa kuifanya, na matangazo ya maduka, ambayo mara nyingi ndiyo yaliyolipia uchapaji, huonyesha nani alifanya biashara mjini na alitaka wateja gani.

Wengine hudhani desturi hii ilizuliwa na walowezi wa Kenya. La hasha. Kitabu ambacho hutajwa mara nyingi kuwa cha kwanza cha aina yake ni A Poetical Cook-Book cha Maria J. Moss, kilichotolewa Philadelphia mwaka 1864 ili kuwasaidia askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1886, wanawake wa Boston walitoa kitabu cha mapishi ili kugharimia harakati za kudai haki ya kupiga kura.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanamke ambaye jina lake limechapwa chini ya pishi ndiye aliyelipika. Nchini Kenya kitabu mashuhuri cha aina hii ni The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, kilichotolewa na chama cha wanawake wa kanisa la St. Andrew's, Nairobi, kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Ndani yake mna maagizo ya Kiswahili ambayo mama wa nyumba angempa mtumishi wake, na hapo ndipo siri inapofichuka: katika nyumba nyingi za walowezi aliyesimama mbele ya jiko alikuwa mpishi Mwafrika, aghalabu mwanamume, ambaye jina lake halimo kitabuni. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuzisoma kurasa hizo za amri kwa makini kuliko kurasa za keki, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha nani aliagizwa, kwa lugha gani, na kazi ipi ilidhaniwa kuwa hataijua mpaka aelekezwe.

Kuhusu tarehe, neno ni moja tu: vitabu hivi vilichapwa upya mara kwa mara, kwa hiyo mwaka ulio kwenye jalada ni wa toleo hilo, wala hauthibitishi umri wa pishi lolote.

Wapo pia wanaosema kwamba chama kisichoacha kitabu cha mapishi hakikuacha historia. Hilo nalo si kweli. Maendeleo ya Wanawake, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni na kuongozwa mwanzoni na wanawake wa Kizungu, ilifundisha mapishi, ushonaji na malezi ya watoto. Phoebe Asiyo, ambaye baadaye aliwakilisha Karachuonyo bungeni, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Vikundi vingi vya mashinani vilikusanya fedha kwa harambee, kwa kuchangiana kwa zamu na kwa kuuza chakula, shughuli ambazo hazikuhitaji mchapishaji. Ushahidi wa shughuli hizo umo katika daftari la mweka hazina, katika kumbukumbu za mikutano zilizofungiwa sandukuni kwa katibu wa zamani, na katika ripoti za maafisa wa maendeleo ya jamii. Mtu wa magharibi mwa Kenya anayetafuta ripoti hizo hahitaji kuanzia Nairobi, kwa kuwa Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa ina matawi Nakuru, Kisumu na Kakamega. Aulize kwanza faili za wilaya.